Sindano Niliyoinoa

Mwanangu Desderia,

Barua hii nitakupa mkononi kesho asubuhi ukishapanda lori, na sitaki uifungue mbele yangu. Ifungue mkishavuka daraja la Lumemo, na uimalize kabla hamjafika Kisawasawa. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu ya mtikisiko wa barabara, na kwa sababu nyingine unayoijua mwenyewe.

Mambo ya sanduku, ya sweta, ya kuchemsha maji ya kunywa na ya kutomwamini mtu anayejifanya ndugu yako njiani, mama yako amekwisha kukuambia mara tatu. Namsikia huko jikoni anayaanza tena, na wewe unaitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" kwa ile sauti ya mtu ambaye hasikii kitu. Mimi nina jambo moja tu. Tangu saa nane mchana nimekaa hapa barazani nikiliandika na kulikata, na hii ni karatasi ya nne. Mtu aliyefanya kazi ya udresa, ya kufunga vidonda na kuchoma sindano, karibu miaka ishirini, anayeandika majina ya dawa bila kuangalia kitabu, ameshindwa kumwandikia mtoto wake sentensi moja.

Nianze na ulivyowajibu wale masista waliokuja kukuhoji. Mimi nilikuwa nje ya dirisha, nikijifanya nanyoosha uzio. Walikuuliza kwa nini unataka uuguzi, ukawajibu bila kusita: "Jicho langu liliharibiwa na bibi yangu kwa dawa za majani. Baba yangu ni dresa, alijitahidi kuliokoa, ikashindikana. Nataka nikawafundishe watu waache ujinga." Yule sista mkubwa aliandika kila neno. Nikaona kwamba nafasi umeipata, na umeipata kwa maneno yale. Nilifurahi, na papo hapo nikatamani uyarudishe maneno yale. Mpaka leo sijui vitu hivyo viwili vilikaaje pamoja moyoni mwangu.

Maana sina hakika, Desi. Hilo ndilo jambo lenyewe. Sina hakika kama ni bibi yako.

Wewe unakumbuka kidogo tu, ulikuwa na miaka saba. Tulikuwa bado tunaishi Kisawasawa, karibu na bibi, na mimi nikifanya kazi katika ile dispensari ndogo ambayo siku hizi imebaki kuta. Wakati wa kupura mpunga, kapi lilikuingia jicho la kushoto. Jambo dogo, linampata kila mtu bondeni humu. Mimi nilikuwa nimetumwa Ifakara kuchukua dawa na nikakaa siku nne. Bibi akafanya alichokuwa akifanya tangu ujana wake: akaponda majani yake, akayachuja kwa kitambaa, akakutonea. Niliporudi, jicho lilikuwa jekundu, na chini, nyuma ya kile kioo cha mbele ya jicho, palikuwa na usaha umekaa kama mstari wa maziwa chini ya glasi. Nilijua maana yake. Nilimwacha bibi yako, mama mkwe wangu, amesimama mlangoni na kitambaa chake mkononi, wala sikumwambia asante wala pole.

Bahati ikawa kwamba wiki ileile alipita daktari wa macho, Mzungu mmoja mrefu aliyekuwa akizunguka vituo vidogo na sanduku lake la vyombo. Alikutazama kwa taa yake, akasema matone ya juu hayatafika kwenye usaha. Dawa lazima iingizwe ndani ya jicho lenyewe. Atatoboa kitundu pembeni kwa kisu kidogo, apitishe kijisindano, asafishe usaha, kisha aache penisilini mle ndani. Sikuwahi kusikia kitu kama hicho. Nilijua sindano ya mkono, ya paja, ya tako. Sindano ya ndani ya jicho! Na jicho ni la mwanangu.

Akanipa sanduku. "Chemsha vyombo," akasema. "Kesho asubuhi tunaanza."

Sasa lazima nikueleze mimi ni nani, maana utakwenda kufundishwa na watu ambao kila kitu chao kinatoka kipya kwenye karatasi, na huenda usinielewe. Mimi kazi hii nilijifunzia jeshini, wakati wa vita. Sindano moja ilichoma kikosi kizima. Ikichoka, inanolewa kwenye jiwe, inapitishwa kwenye pamba kuona kama ncha ina ukucha wa kunasa uzi, inanolewa tena, inachemshwa. Mimi ndiye niliyekuwa mnoaji. Askari walikuwa wakipanga foleni kwangu kuliko kwa wenzangu, na ofisa alisema mbele ya watu kwamba sindano zangu haziumi. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyorudi nayo nyumbani. Wengine walirudi na medali. Mimi nilirudi na jiwe la kunolea, na unalijua, ndilo lililoko juu ya kabati.

Basi nikafungua sanduku la daktari. Kisu kidogo, kikali vizuri. Koleo. Bomba la kioo. Halafu kile kijisindano chenyewe, chembamba kama unywele wa mkia wa ng'ombe, kimepinda kidogo mbele. Nikakijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba. Butu! Butu kabisa, ncha imeviringana. Nikasikitika sana. Nikasema moyoni, huyu daktari amezunguka vituo vingi mno, hakuna mtu wa kumtunzia vyombo, na kesho anataka kukisukuma kitu hiki kwenye jicho la mtoto wangu kikiwa hivi. Kitamuumiza.

Nikachukua jiwe langu. Nilikinoa taratibu, kwa tone la mafuta, sehemu kubwa ya alasiri. Nadhani sijawahi kunoa kitu vizuri namna ile maishani mwangu. Kilipita kwenye pamba bila kuvuta hata uzi mmoja. Kisha nikakichemsha na wenzake, nikakifunika. Na nilifurahi, Desi, nataka ulijue hilo. Nilidhani nimekufanyia jambo.

Asubuhi ulipewa dawa ya usingizi. Mimi nilishika kichwa chako kwa mikono yote miwili. Daktari alitoboa kwa kisu, akapitisha kijisindano, akavuta usaha kidogo. Wakati anasukuma dawa, nikaona mkono wake umesita. Umesita tu, kama mtu anayekata mkate akagusa kitu. Akamaliza haraka, akafunga jicho kwa bandeji. Halafu akakipeleka kile kijisindano dirishani, akakitazama kwa kioo chake cha kukuzia. Akanitazama mimi. Akakitazama tena.

"Ulichemsha wewe?"

"Ndiyo, bwana daktari."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Nilidhani atanisifu. Naapa kwamba nilisimama pale nikisubiri sifa. Yeye akatikisa kichwa kidogo, akatoka nje walikokuwa mama yako na bibi yako, akawaambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Jicho limeharibika kwa dawa za majani. Mngemleta siku ya kwanza." Bibi yako akakaa chini palepale kwenye mchanga. Kesho yake daktari aliondoka, na kwenye ukingo wa dirisha nikakuta kile kijisindano kimefungwa kwenye pamba. Sikujua kama amekisahau au ameniachia. Nikakiweka.

Bandeji ilipofunguliwa, jicho lilikuwa jeupe. Watu wote walijua sababu, maana daktari alikuwa amekwisha kuisema, na mimi nilikuwa wa kwanza kuirudia. Niliirudia kwa hasira, tena mbele ya majirani. Tukahamia Ifakara, na wewe ukakua ukilijua jambo hilo kama unavyolijua jina lako.

Miaka minne nilikaa hivyo, na dhamiri yangu ikilala usingizi mzuri tu. Halafu nikaanza kazi katika hospitali ya hapa mjini, na siku moja nikaona kwenye sinia kijisindano kile kile, ndugu yake kabisa, kimepinda vile vile, na ni butu. Nikamwambia sista, "Hiki kimechoka, nikakinoe?" Alinipiga mkono kama mtoto anayegusa moto. "Usithubutu! Hicho ni butu kwa makusudi. Kinaingia mahali ambapo kisu kimekwisha kufungua. Kazi yake ni kupeleka dawa, si kukata. Kikiwa kikali kitatoboa vya ndani."

Nilimaliza zamu yangu, nikarudi nyumbani, nikamwambia mama yako kwamba nina homa. Na kweli nilikuwa na homa.

Unakumbuka ile Jumamosi uliyonikuta nyuma ya nyumba na macho ya mbuzi kwenye sahani? Nilikwambia natengeneza chambo cha samaki. Ulicheka wiki nzima, maana sijawahi kuvua hata kambale. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekwenda buchani kumwomba Mzee Salumu macho, na yule mzee akaniangalia akidhani nimeingia kwenye uchawi. Nilikuwa na vijisindano viwili, kile cha dirishani na kingine butu nilichoazima kazini. Nilitaka kujua. Ndani ya jicho, nyuma ya maji ya mbele, kuna kitu kama tone la gundi, safi, ndani ya kijifuko chembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kijifuko kikipasuka wakati mnyama au mtu yu hai, lile tone linageuka jeupe na mwenye jicho haoni tena. Sista ndiye aliyenieleza. Basi nikaanza. Kijisindano butu kiliingia na kutoka, kijifuko kizima. Kile nilichokinoa, mara ya kwanza kikaingia na kutoka, kijifuko kizima vile vile. Nikashukuru Mungu. Mara ya pili kikapasua. Mara ya tatu sijui, maana jicho la mbuzi halitulii kwenye sahani.

Nikabaki hapo, na kwa kweli nipo hapo mpaka leo. Huenda nilipasua mimi. Huenda mkono wa daktari ulisita kwa sababu nyingine. Kidonda cha kapi nacho kikipona kinaacha kovu jeupe mbele, na kwa mtu asiye na vyombo weupe huu na weupe ule vinafanana. Huenda majani ya bibi yalikichochea kile kidonda, huenda hayakufanya kitu. Na daktari, yeye alijua nini? Alipowaambia vile, aliamini anachosema? Au alikuwa ananificha mimi? Au anajificha mwenyewe, kwa kutokikagua chombo chake kabla ya kukitumia? Nimeligeuza jambo hili kila upande mpaka limenichosha, na kila upande unasema kitu chake.

Lakini kuna mambo mawili ambayo hayana kuchanganyikiwa, nami nayaandika hapa kwa aibu. La kwanza, hapa Ifakara wamepita madaktari wa macho ambao kwa taa tu wangeweza kutazama na kusema ni weupe upi. Miaka sita nilikuwa na nafasi ya kukupeleka. Kila mara nilisema una shule, una mafua, mvua imezidi. Sikukupeleka kwa sababu niliogopa jibu. La pili, kwa miaka hiyo sita nilijua kwamba huenda mwanamke mmoja amebebeshwa kosa langu, na nikamwacha alibebe, kwa sababu ilikuwa vizuri kwangu kuwa baba aliyejitahidi.

Jumapili iliyopita sikwenda kutazama mbao, ingawa ndivyo nilivyowaambia. Nilipanda baiskeli alfajiri mpaka Kisawasawa.

Unajua mila yetu. Mkwe haketi na mama mkwe wala hamwangalii usoni. Nilikaa nje, nimeegemea ukuta wa jiko lake, yeye yuko ndani anapepeta mchele, na ukuta wa matete na udongo katikati yetu. Pengine bila ule ukuta nisingesema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Desi. Umekuja mwenyewe? Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama. Nimekuja na neno."

Nikamwambia yote, jiwe, mafuta, dirisha, mbuzi. Nilisikia akiweka ungo chini.

"Kwa hiyo si dawa yangu," akasema.

"Sijui, mama. Huenda yako, huenda sindano yangu, huenda lile kapi lenyewe."

"Umepanda baiskeli toka Ifakara kuja kuniambia hujui?"

"Ndiyo, mama."

Akacheka. Kile kicheko sikukielewa, na hata sasa sikielewi. Kisha akasema polepole, "Yale majani niliwapa watu wa hapa tangu sijaolewa. Jicho hata moja halikuharibika. Baada ya Desi nikayang'oa yote yaliyokuwa nyuma ya nyumba. Watu wakaacha kuniletea watoto. Mimi mwenyewe nikaacha kumshika mtoto wa mtu. Miaka kumi nimejiambia ni mimi, nimekwisha kuzoea. Sasa unanitua mzigo au unanipa mwingine?"

Nikasema, "Nisamehe, mama."

"Wewe nitakusamehe, wewe ni mkwe tu," akasema. "Huyo mtoto je? Nikisimama barabarani ananipa ule upande wa kushoto."

Sikujua kwamba anajua. Mimi nilidhani ni sisi wa nyumbani tu tunaojua kwamba ukipita Kisawasawa unakaa ukiangalia mbele. Nyumba yake iko mkono wa kushoto, upande wa milima, ndio upande wa jicho lako bovu. Huhitaji hata kugeuza uso ili usimwone.

Na mwaka jana, mlipokwenda kufanya mtihani, nilikuwa nawe kwenye lori. Lori liliposimama kupoza injini, alikuja na kibuyu cha maji. Kwetu mtoto anayetoka nyumbani, bibi yake huchukua maji kinywani akampulizia kifuani, ndipo safari inakuwa safari. Wewe hukushuka. Alisimama na kibuyu chake mpaka utingo wa lori akamwambia, "Asante sana bibi, umetusaidia," akakichukua na kumimina maji yote kwenye rejeta. Watu wakamshukuru. Na mimi niliyekuwa najua nikatazama viatu vyangu.

Sikuandikii ili uache kuchukia. Huenda sasa utanichukia mimi, na njia ya kwenda chuoni ni ndefu, una nafasi ya kutosha. Kama utataka kujua, huko uendako wapo wenye taa na vyombo, waombe wakutazame, na watakalosema niandikie, hata likiwa baya kwangu. Kama hutaki kujua, mimi sina haki ya kukulazimisha, mimi ambaye nimekimbia kujua kwa miaka sita. Uuguzi kaufanye vile vile. Sijui tu utawaambia nini masista. Ile hadithi uliyowapa ulipewa na mimi, na ilikuwa na tundu.

Kijisindano kimo ndani ya bahasha hii, kwenye boksi la kiberiti, kimefungwa pamba ileile. Nilijaribu kukirudishia ubutu wake kwa jiwe. Haikuwezekana, ncha inabaki kali.

Sasa mama yako ananiita nile, na jua limeshuka upande wa mto. Naona umetoka kuanua nguo zako, unakunja gauni la safari, na umenigeuzia upande wa kulia, unanitazama, unashangaa naandika nini muda wote huu. Nakupenda, Desderia. Nilikupenda nikiwa na lile jiwe mkononi, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Kesho dereva atasimama Kisawasawa kutia maji. Bibi yako atakuwepo, amekwisha kuniambia atakuwepo, kama alivyokuwepo kila mara. Atakuwa na kibuyu. Geuka kushoto umtazame. Na ukishuka au usiposhuka, mwambie utingo maji yale asiyaguse, si ya lori.

Baba yako